Hesabu ya Baragumu

Wanyama wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa na baragumu moja, na baragumu hilo lilikuwa la wote. Pembe yake ya kwanza ilikuwa ya tandala aliyekufa kwa uzee kando ya Mto Ruaha, na siku lilipopulizwa kwa mara ya kwanza walikubaliana namna ya kulilisha: kila kaya itoe debe moja la mahindi kila mavuno. Ngiri wa Usangu alitoa debe moja, nungunungu wa Uyole debe moja, digidigi wa Mafinga debe moja. Mjane alitoa, na aliyeishi peke yake alitoa. Tembo naye alitoa debe moja wala si zaidi, ingawa ghala lake lilishinda maghala ya kijiji kizima. Waliotunga sharti hilo walijua walichokuwa wakikizuia. Tembo akiachiwa atoe madebe mia, siku moja atauliza kwa nini baragumu limetangaza kwamba amekanyaga shamba la mtu.

Lilipigwa kwa kupokezana, kila kilima na pembe yake. Mpigaji wa Rungwe alipuliza, wa Loleza juu ya mji wa Mbeya akapokea, akampa wa Igawa, wa Igawa akampa wa Mafinga, mpaka habari ikafika Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji wa Iringa ambako Wahehe husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda kukaa na mawazo yake. Kutoka hapo iliteremka Kalenga, ikaenda Ruaha, na tawi lake jingine likapanda Kilolo hadi msitu wa Ndundulu. Ni zaidi ya kilomita 300 za milima na mabonde, na habari ilizimaliza kabla jua halijafika utosini.

Habari zenyewe zilikuwa za kuishi nazo. Jalidi imeshuka Kitulo, funikeni viazi. Mahindi yamepanda bei Mafinga. Maji yamekatika kwenye Ruaha, msipeleke ndama huko. Na hiyo ilikuwa habari ya kila kiangazi, kwa sababu tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka miezi ya ukame, chanzo kikiwa maji yanayochukuliwa juu kule Usangu kabla hayajavuka kinamasi cha Ihefu. Nani amefiwa, nani amejifungua, nani amepotea njiani.

Hakuna aliyelihitaji baragumu kuliko Bibi Kipunji wa Rungwe. Ukoo wake una makazi mawili tu duniani: misitu ya Rungwe na Livingstone, na msitu wa Ndundulu katika Udzungwa, upande wa Iringa. Wanasayansi waliuona Rungwe mwaka 2003 na Ndundulu mwaka 2004, wakautangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ingawa Wanyakyusa walikuwa na jina la kipunji midomoni mwao tangu zamani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata vipunji 1,100 hivi. Kati ya makazi hayo mawili hakuna msitu wa kupitia, na kipunji haishi nje ya matawi. Kwa hiyo Bibi Kipunji wa Rungwe hakuwahi kumkumbatia dada yake wa Ndundulu. Walisalimiana kwa baragumu kila alfajiri. Wa Rungwe alisema ugonile, wa Ndundulu akajibu kamwene, na siku ikaanza.

Kila mwaka baada ya mavuno wanyama walikutana Gangilonga kusikia hesabu. Mweka stoo alikuwa Pimbi, mkazi wa jiwe hilohilo. Kwa kila debe lililoingia alichora mstari wa mkaa upande wa mashariki wa jiwe, na kwa kila debe lililotoka alichora upande wa magharibi. Asiyejua kusoma aliweza kuhesabu. Mtoto aliyetaka kuhakiki alipanda juu ya jiwe na kugusa mistari kwa kidole.

Mkuu wa baragumu alikuwa Hondohondo. Namtendea haki: alikuwa na sauti safi, alijua kazi, na kwa misimu mingi hakuna aliyemlalamikia.

Mtwa mzee, mtawala wa wanyama hao, Simba wa Ruaha, alikufa mwishoni mwa kiangazi. Mrithi wake akapangiwa kusimikwa Msembe, kando ya Mto Ruaha, mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, mahindi yakiwa yamefika magotini na ulanzi ukigemwa asubuhi na jioni katika mianzi ya Iringa.

Kusimikwa kwa mtawala ni habari, na wanyama walistahili kuijua. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963, lakini heshima haikufutika pamoja nayo. Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu huko Magu, mkoani Mwanza, kwa jina la Chifu Hangaya, na ilikuwa haki tukio hilo litangazwe. Siku moja ya baragumu ingetosha kwa Mtwa Simba. Mpigaji wa Ruaha aliishi hatua chache kutoka Msembe, alikuwa na pembe nzima na mapafu mazima. Asubuhi angetangaza kwamba Mtwa ameketi, mchana angesoma kiapo chake, jioni kila kilima kingerudi kwenye habari zake.

Lakini kabla ya sherehe, Mbweha alipanda Gangilonga usiku. Mbweha alikuwa katibu wa sherehe za Mtwa.

"Shikamoo, mzee Hondohondo."

"Marahaba, Mbweha. Karibu."

"Mzee, Mtwa husimikwa mara moja tu katika maisha yake. Pembe moja ya Ruaha itamwaibisha mbele ya wageni. Wenzako wa mbali watasemaje?"

Hondohondo hakuitisha baraza wala hakumwamsha Pimbi. Alfajiri aliagiza wapigaji wakuu wa Rungwe, Loleza, Igawa, Mafinga na Gangilonga washuke wote Msembe. Kila mmoja aje na wasaidizi wawili. Kila msaidizi alipwe posho ya safari, na posho ianze kuhesabiwa siku aliyofunga mzigo, si siku aliyoondoka. Yakajengwa mabanda saba ya kutangazia na jukwaa la mninga. Yakachongwa mabaragumu mapya matatu yenye mikanda ya shaba, ilhali lile la zamani halikuwa na ufa. Wake wa Hondohondo na mashemeji zake wakaandikwa washauri wa itifaki, wakalipwa kama wapigaji. Ulanzi ukaletwa kwa vibuyu kutoka Kilolo kila asubuhi, kwa maana ulanzi haulazwi, ukilala unachachuka.

Vilimani waliachwa wanagenzi, na agizo lao lilikuwa fupi: pokeeni ya Msembe, pelekeni ya Msembe, msianzishe lenu mpaka siku ya tisa.

Siku ya kwanza baragumu lilitangaza wageni. Siku ya pili lilitangaza zawadi. Siku ya tatu Mtwa aliketi na akaapa, na hapo habari ilikuwa imekwisha. Zilibaki siku sita, na mabanda yalikuwa yameshalipiwa. Siku ya nne Mtwa alilala kutwa nzima kwa uchovu. Kwale na Kanga wakawekwa kwenye jukwaa la mninga wazungumze mpaka aamke. Walisema Mtwa amelalia ubavu wa kushoto. Walisema babu yake naye alipenda ubavu wa kushoto. Walimwita mzee Kakakuona, aliyewahi kumwona babu huyo kwa mbali, akaulizwa ni ubavu upi hasa, akasema hakumbuki, akaulizwa tena. Walisema jua sasa limefika kwenye mkia. Maneno hayo yalivuka Mafinga, yakavuka Igawa, yakapanda Loleza, yakaingia Rungwe, na kila kilima kiliyarudia neno kwa neno.

Siku hiyohiyo ya nne, Chiriku, mwanagenzi wa Loleza, aliona nondo. Walikuja na upepo wa mvua, wa rangi ya vumbi, wakatua kwenye majani machanga bonde zima. Chiriku alifundishwa na mama yake maana ya nondo hao. Mayai yao huanguliwa baada ya siku chache na kutoa viwavijeshi. Wakiwa wadogo huwa wa kijani, wamejificha ndani ya majani, na mkulima aliyeambiwa mapema huwawahi kwa dawa na kuokoa shamba lake. Wakishazidi hugeuka weusi, wakaanza kutembea pamoja kuelekea upande mmoja, na hapo dawa huwa imechelewa. Ndiyo sababu utabiri wa viwavijeshi nchini hutegemea mitego ya nondo: anayehesabu nondo leo ndiye anayejua kitakachotokea shambani wiki ijayo. Kazi ya kuonya haingoji.

Chiriku alituma ujumbe Msembe. Jibu lilirudi jioni: laini ni ya Mtwa mpaka siku ya tisa.

Akatuma tena siku ya tano. Akatuma siku ya sita, kwa kulia. Hakujibiwa.

Mama Nungunungu wa Uyole aliwaona viwavi kwa macho yake siku ya nane, alipofunua jani la mhindi na kukuta upande wa chini umekwanguliwa hadi utando. Alidhani ni panzi. Baada ya sherehe, wapigaji wakuu wakiwa bado njiani na mizigo yao, shamba lake lilikuwa jeusi na lilikuwa linatembea. Alisimama kwenye mtaro akasikia mlio wa kutafuna, mkavu, usiokoma, na juu yake mwanagenzi wa kilima alikuwa bado anarudia marudio ya siku ya tisa: Mtwa amepiga mwayo, meno yake ni meupe, wazee wameridhika. Ilipofika jioni ya pili palibaki mashina na uti wa majani. Ekari zake mbili ndizo zilizokuwa chakula cha watoto wake watano mpaka mwaka unaofuata.

Na kule Ndundulu dada yake Bibi Kipunji alifariki siku ya sita. Bibi Kipunji alitoa salamu alfajiri tano bila kujibiwa, akisikia habari za Msembe tu, kabla hajaambiwa kwamba ameshakuwa wa mwisho wa mama yao.

Mavuno yalipofika, wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba. Safari hii walidai debe na nusu, na debe lenyewe walilijaza mpaka likawa na kilima juu, lumbesa kabisa. Nusu ile ilikuwa ya kufidia usimikaji. Mama Nungunungu aliwaonyesha ghala tupu.

"Nitatoa nikipata," aliwaambia. "Lakini kwanza niambieni. Sherehe ilikula madebe mangapi?"

Wakusanyaji walitazamana. Hawakuwa wakijua. Wakapeleka swali kwa Hondohondo, naye akajibu kwamba gharama za matangazo ya Mtwa ni siri ya baragumu.

Jibu hilo ndilo lililowaleta wanyama Gangilonga mwezi wa Oktoba, mbayuwayu wakiwa wameanza kurudi kutoka Ulaya. Bibi Kipunji hakuweza kushuka mtini kuja Iringa, kwa hiyo aliuliza maswali yake kutoka Rungwe kwa kupitia baragumu lenyewe. Chiriku alipokea Loleza na wengine wakapokea mpaka jiweni, na kila mnyama wa nyanda za juu, hata asiyekuja barazani, akayasikia.

"Hondohondo, mwanangu," alisema Bibi Kipunji, "sijaja kukutukana. Nataka hesabu."

Hondohondo alisimama. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba wanyama wenyewe waliitaka sherehe, na kwamba hakuna aliyelalamika.

"Tungelalamika kwa nini?" aliuliza Pimbi. "Baragumu ulikuwa nalo wewe."

Mbayuwayu aliomba nafasi. Alikuwa akipita tu kuelekea kusini, lakini hukaa nusu ya kila mwaka Ulaya na amesikia mengi chini ya mapaa ya watu. "Huko Uingereza," alisema, "kila kaya inayotazama televisheni hutoa debe lake, huitwa ada ya leseni. Mwaka 2023 ilikuwa pauni 159. Ndiyo inayolilisha shirika lao la utangazaji, BBC. Aprili 2021 alipofariki Philip, mume wa Malkia Elizabeth, BBC iliondoa vipindi vyake vya kawaida ikajaza msiba huo kwenye chaneli zake kubwa. Watu karibu 110,000 waliandika kulalamika. Walisema matangazo ya msiba huo yamezidi. Walilalamika kwa sababu walikuwa na mahali pa kulalamikia."

Hondohondo akaja na hoja ya pili, na hii ilikuwa nzito. Alisema mpigaji akilazimishwa kutoa hesabu ya kila tukio, kesho wakubwa watatumia hesabu hiyo kumwamuru apige nini na aache nini. Siri humlinda mpigaji.

Baadhi ya wazee waliitikia kwa vichwa. Hata mimi naona kuna ukweli ndani yake, na nimesikia waandishi waadilifu wakiisema. Mbayuwayu hakuibeza. Alieleza kwamba Uingereza ina sheria ya mwaka 2000 inayompa mtu yeyote haki ya kuomba taarifa kwa taasisi za umma, ila kwa BBC sheria hiyo haigusi taarifa zinazoshikwa kwa ajili ya uandishi wa habari, sanaa na fasihi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba taarifa ikishikwa kwa uandishi wa habari, hata kama ina kazi nyingine pia, basi imo ndani ya kinga. Kinga hiyo iliwekwa ili kazi ya mwandishi isiingiliwe. Mfalme Charles III alipovikwa taji tarehe 6 Mei 2023, serikali yenyewe hatimaye ilitaja matumizi yake na ya polisi, jumla pauni milioni 72. BBC huchapisha hesabu zake za jumla kila mwaka, lakini kwa tukio moja kama hilo sheria haiilazimishi kusema.

"Kwa hiyo," aliuliza Bibi Kipunji, na swali lake likachukua muda kufika jiweni, "ukuta uliojengwa kumzuia mfalme asiingie kwa mpigaji, sasa unawazuia waliotoa ada wasione bei ya mabanda?"

"Ndivyo ulivyosimama, Bibi."

"Mimi sikuuliza Hondohondo amezungumza na nani wala amekataa kutangaza nini. Hayo ayafiche, na nitamsaidia kuyaficha. Nimeuliza bei ya shaba."

Ikabaki hoja ya tatu. Hondohondo alisema kuhesabu sherehe ya Mtwa ni kumvunjia Mtwa heshima.

Tumbili wa Kalenga aliruka juu ya jiwe. Huyu ameishi maisha yake yote kwenye miti iliyozunguka nyumba ya kumbukumbu ya Mkwawa. "Usituambie habari ya heshima ya watawala hapa Uhehe," alisema. "Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Chifu huyo alikuja kufanya kazi gani? Alikuwa Spika wa Bunge tangu mwaka 1962, akakalia kiti hicho mpaka 1973, akarudi 1975 hadi 1994. Mjukuu wa Mkwawa alitumia utu uzima wake mahali ambapo hesabu za nchi huwekwa mezani zikaulizwa. Nani alimwona amepungukiwa heshima?"

Hapo Njiwa wa Dodoma, aliyezoea kutua kwenye paa la Bunge, alisema lake. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba, akaagiza shilingi bilioni 4 zilizokuwa zitumike zikapanue barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Bei ya sherehe ilitajwa, kila mtu akaisikia. Wiki chache baadaye, tarehe 27 Januari 2016, Waziri wa Habari Nape Nnauye aliliambia Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja kwa sababu ya gharama, zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka, na badala yake kutakuwa na kipindi cha usiku chenye sehemu zilizochaguliwa. Wabunge wa upinzani wakapinga mpaka askari wakaingia ukumbini. Bei ya Bunge nayo ilitajwa.

"Basi inawezekana kuhesabu," alisema Bibi Kipunji. "Wakitaka kuzima wanaijua bei mpaka shilingi ya mwisho. Hondohondo, ulipozima habari za vilima siku tisa, uliokoa madebe mangapi? Na ulipowasha za Mtwa, yalitoka mangapi?"

Hondohondo alinyamaza.

Aliyejibu hakutarajiwa na mtu. Mtwa Simba mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya mkutano tangu asubuhi, chini ya mgunga, bila walinzi. Alikuja kwa sababu alisikia maswali ya Bibi Kipunji kwenye baragumu, kama walivyosikia wengine wote.

"Mimi niliambiwa kwamba mliomba siku tisa," alisema. "Mbweha aliniambia vijiji vimeomba. Nami niliambiwa nigharamie mabanda saba, jukwaa na shaba. Nilitoa ng'ombe kumi na wanne. Fimbo yangu ya hesabu hii hapa, kila ng'ombe na alama yake."

Pimbi alishuka upande wa magharibi wa jiwe. Mistari ya Januari ilikuwepo, kwa maana Hondohondo alipochota ghalani Pimbi alichora hata kama hakuambiwa ni ya nini. Walianza kulinganisha. Mabanda saba: ng'ombe sita kwa Mtwa, madebe 140 kwa baragumu. Jukwaa la mninga: ng'ombe watatu kwa Mtwa, madebe 60 kwa baragumu. Shaba: ng'ombe watano, madebe 90. Kila kitu kilikuwa kimelipiwa mara mbili, na kila mara mlipwaji alikuwa Mbweha. Mbweha alitafutwa mkutanoni. Alikuwa ameondoka wakati Tumbili anazungumza.

Hondohondo aliapa kwamba hakujua. Wengi walimwamini, na mimi pia. Hakuiba mabanda. Alichotaka ni kuonekana karibu na Mtwa, na kwa sababu hiyo alikubali kutouliza, akaita kutouliza kwake siri ya kazi. Siri hiyo haikumlinda Mtwa, aliyelipa kwa ng'ombe wake, wala Mama Nungunungu, aliyelipa kwa watoto wake. Ilimlinda Mbweha peke yake.

Shauri lilidumu mpaka usiku. Ngiri alipendekeza kwamba Mtwa akitaka siku zaidi ya moja, alilishe baragumu mwenyewe kwa siku hizo. Bibi Kipunji alikataa papo hapo. Alisema akililisha leo kwa siku nane, kesho litamwogopa kwa mwaka mzima. Hilo ndilo waasisi walilomnyima Tembo. Korongo wa taji kutoka Ihefu, mwenye ndugu zake Uganda, alisimulia kwamba Ufalme wa Buganda una redio yake wenyewe, CBS, tangu mwaka 1996, na habari za Kabaka hupata humo muda wote unaotakiwa bila kumwondolea mtu mwingine habari zake. Mtwa Simba aliipenda njia hiyo. Akasema atachonga pembe yake, na ya wote aiache kwa wote.

Yaliyopitishwa usiku ule ni machache. Baragumu likitaka kutoka vilimani kwenda sherehe yoyote, bei itangazwe na baragumu lenyewe kabla ya safari, na itangazwe tena baada ya kurudi. Kilima kimoja kiachwe wazi daima kwa hatari na misiba, na mwanagenzi anayeona nondo asiombe ruhusa kwa mtu. Shemeji wa mkuu asilipwe. Hondohondo aliondolewa ukuu, akarudishwa kupiga Igawa, na Chiriku akapewa Loleza. Ng'ombe wa Mtwa hawakupatikana. Madebe ishirini yaliyosalia ghalani alipewa Mama Nungunungu na wenzake walioliwa mashamba. Yalitosha mbegu na uji wa miezi miwili, baada ya hapo walilala njaa.

Hilo ni shauri la wanyama, nao wamelimaliza. Letu liko wazi. Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, likawa Redio Tanzania baada ya uhuru, na leo lina redio na televisheni zinazoishi kwa ruzuku ya umma pamoja na matangazo ya biashara. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa mwaka 2016, mwaka uleule Bunge lilipoondolewa kwenye matangazo ya moja kwa moja, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kila mwaka. Vyombo vya kuulizia tunavyo. Naiomba TBC isisubiri kuulizwa: kila baada ya usimikaji, mazishi ya kitaifa, kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru au ugeni wa mfalme, isome kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku ilitumia shilingi ngapi, na ni vipindi gani viliondolewa hewani kupisha tukio hilo. Nawe uliyeko Mbalizi, Tukuyu, Mafinga au Kilolo, mbunge wako akija kukuomba kura, muulize kama amewahi kuidai hesabu hiyo.